Koti la Kwenye Kanda

Mwalimu Kalunde kaja na kanda, si na kitambaa.
Kaifunga kwenye kanga kama abebaye yai.
"Nishonee koti hili," akasema,
nami nikaitazama kanda, nikatazama nyuma yake,
nikitafuta koti liko wapi.

Mwezi wa sita, Tabora.
Kipupwe kimeingia Ng'ambo bila hodi.
Mafuta ya nazi yameganda chupani,
vijana wa bodaboda wamevaa majaketi nyuma-mbele.

Deki tuliiazima kwa fundi redio wa jirani.
Televisheni yangu ina mgongo kama wa ng'ombe;
ikatoa chenga, ikatoa chenga, halafu yeye:
mwanamke mrefu anashuka ngazi za stesheni,
koti limembana kiunoni, limeachia magotini,
kola imesimama kama masikio ya paa aliyesikia kitu.
Anapita chini ya miti. Majani yanamwangukia.
Hata hayapangusi.

"Hapo! Simamisha!"
Nikasimamisha. Picha ikatetemeka,
mstari mweupe ukamkata kifuani.
Nikapiga magoti na futi yangu, nikampima kiwiko
juu ya kioo: inchi mbili na robo.
Sijawahi kumpima mteja asiyepumua.

Kalunde aliiona akiwa na miaka tisa,
kibandani kwa Hilali, Isevya, shilingi ishirini,
amekalia gunia.
Hilali ndiye alikuwa mfasiri, kipaza sauti mkononi,
na lugha ya watu wale hakuijua hata salamu.
"Dada huyu," alisema, "anakwenda mahakamani
kudai nyumba ya mama yake, na atashinda."
Leo tumeiangalia mpaka mwisho.
Hakuna mahakama. Anapanda treni, basi.
Kalunde kacheka hadi kufuta macho.
Kisha: "Hata hivyo, alishinda."

Sufu nzito namna ile haipo sokoni.
Nikamwambia, tukate blanketi.
Akafikiri. "Lipo moja, la mama. Halilaliwi tena."
Vifungo nimevitoa kwenye mtumba
wa afisa wa jeshi la nchi nisiyoijua.

Ila rangi. Hapo tuligombana.
Picha yenyewe nyeusi na nyeupe.
Mimi nikasema kahawia.
Fundi redio, ambaye hakuulizwa, akasema bluu.
"Kule kwao," akasema Kalunde, "majani huwa mekundu yakifa.
Nafundisha jiografia miaka kumi na minne, hilo nalijua.
Lakini wewe umepita barabara ya Sikonge mwezi wa tisa?"

Nimepita.
Mvua bado, vumbi tele,
na mitundu iliyokuwa mifupa mitupu
inatoa majani machanga, mekundu
kama ufizi wa mtoto.
Kwetu wekundu ni wa kuja.

Basi nikachemsha rangi kwenye sufuria ya ubwabwa
(mke wangu ana maneno yake juu ya hilo).
Blanketi likanywa, likagoma, likanywa tena.
Jekundu hasa halikutoka. Limetoka kutu,
kama mabehewa yaliyolala karakana ya reli.
Bega la kushoto nimelifumua mara tatu.

Na mgongo, mgongo ulininyima usingizi.
Picha nzima, dakika tisini,
mwanamke yule hampi mtu kisogo.
Tumerudisha kanda mpaka ikaanza kulia.
Mfereji? Mkanda? Rinda moja au mawili?
Nikaweka rinda moja refu, kutoka mabegani,
lifunguke mtu akitembea, lifumbe akisimama.
Sikumwuliza.

Jumamosi kaja kujaribu, upepo unapiga mabati.
Kasimamisha kola. Kafunga vifungo vyote vitano,
kile cha tatu si pacha wa wenzake, hakukisemea.
Elfu nne zimebaki, nami sikuzisemea.
Katoka nje, kapita kwa kinyozi,
vumbi likamtua mabegani, wala hakulipangusa,
akaelekea stesheni, njia ya nyumbani kwake,
na mimi, sindano bado mdomoni,
nikauona mgongo ukifunguka, ukifumba,
ukifunguka.